Daftari la Maharage na Mwili wa Mpulizaji

Katika mashamba makubwa yanayouza maua na maharage machanga Ulaya, iwe ni kando ya Ziwa Naivasha au kwenye miteremko ya Arusha na Kilimanjaro, kuna daftari la upuliziaji. Humo huandikwa tarehe, namba ya kitalu, jina la dawa na kiambato chake amilifu (kemikali yenyewe inayofanya kazi), kiasi kilichotumika, sababu ya kupulizia, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na jina la mtu aliyepulizia. Daftari hilo lipo kwa sababu mnunuzi wa Ulaya, kupitia viwango kama GLOBALG.A.P., anataka uthibitisho kwamba mazao yamepuliziwa dawa iliyoruhusiwa na kwamba mabaki yake kwenye mboga hayazidi kiwango kilichowekwa. Mkaguzi akija hulifungua, akalilinganisha na stoo ya dawa, akatia sahihi. Maharage yakishaliwa, muda wa kuhifadhi kumbukumbu ukipita, hakuna tena anayelihitaji.

Mtu ambaye jina lake limo katika daftari hilo, hata hivyo, bado anaishi. Huenda amepulizia miaka 12 katika shamba moja na miaka mingine 6 katika shamba la jirani, na baada ya miaka 20 au 30 mkono wake ukaanza kutetemeka, au tezi zake za limfu zikavimba. Hospitalini ataulizwa umri, kama anavuta sigara, na kama katika ukoo wake kuna aliyewahi kuugua ugonjwa huo. Akiulizwa kazi atajibu kwamba alikuwa kibarua wa shamba, na neno hilo moja litaandikwa kwenye faili. Nimeona ni vyema kulizungumzia jambo hili kwa sababu mjadala wetu kuhusu viuatilifu na magonjwa sugu hupenda kuanzia mwishoni, kwenye swali la kama dawa fulani inaleta saratani au haileti, wakati ugumu wote umejificha katika swali linalotangulia: tunajuaje ni kiasi gani cha sumu kilimfikia mtu huyu, cha dawa ipi, na kwa miaka mingapi?

Sumu inayoua au kulaza mtu siku hiyohiyo haina utata mkubwa wa namna hii. Mtu amechanganya dawa asubuhi, mchana anatokwa na mate na jasho, mboni za macho zimesinyaa, na daktari anayezijua dalili za oganofosfeti, kundi la viuadudu vinavyovuruga neva, hahitaji hojaji. Hata madhara ya muda mrefu wakati mwingine hujidhihirisha yenyewe. Mwaka 1977, katika kiwanda kimoja cha mjini Lathrop, California, wafanyakazi wa kiume waliokuwa wakitengeneza dawa ya minyoo ya mimea iitwayo DBCP waligundua, kwa kuongea wao kwa wao, kwamba wengi wao walikuwa hawapati watoto. Walipopimwa, mbegu zao za uzazi zilikuwa zimepungua sana au zimetoweka kabisa. Kemikali ilijulikana, chumba kilijulikana, watu walijulikana, na tatizo lilikuwa la nadra kiasi cha kutoweza kufichika. Lakini mpulizaji wa kawaida hatumii dawa moja. Kwa miaka 30 hupita mikononi mwake viuadudu, viuakuvu na viuagugu kadhaa, vingi vikiwa vimebadilishwa majina, vingine vikiwa vimepigwa marufuku katikati ya safari, na ugonjwa unaomsubiri ni ule ambao hata mwalimu na mshonaji huupata.

Utafiti uliojitahidi kuliko karibu mingine yote kulijibu swali hili ni ule wa Marekani uitwao Agricultural Health Study. Kati ya 1993 na 1997 watafiti waliwaandikisha wapuliziaji zaidi ya 57,000 katika majimbo ya Iowa na North Carolina, pamoja na wenzi wao wa ndoa zaidi ya 32,000, na wamekuwa wakiwafuatilia tangu hapo. Walitumia njia ya busara: kwa kuwa sheria inamtaka mkulima wa huko awe na leseni kabla ya kununua dawa kali, waliwasubiri palepale walipofika kutafuta leseni na kuwapa hojaji. Waliulizwa kuhusu dawa 50: umewahi kuitumia, kwa miaka mingapi, siku ngapi kwa mwaka. Kuzidisha miaka kwa siku kulitoa idadi ya siku za matumizi katika maisha. Kisha, kwa kuwa siku moja ya kupulizia ukiwa ndani ya trekta lililofungwa hailingani na siku moja ya kupulizia kwa mkono, mwaka 2002 Mustafa Dosemeci na wenzake walichapisha kanuni ya kuipa kila siku uzito wake. Kanuni hiyo huzingatia kama mtu anachanganya dawa mwenyewe, anatumia mtambo wa aina gani, anautengeneza mwenyewe ukiharibika, na anavaa nini. Alama za kuchanganya, za kupulizia na za kutengeneza hujumlishwa, kisha hupunguzwa kulingana na vifaa vya kujikinga.

Ninaiheshimu kazi hiyo. Anayeidharau hojaji hajajaribu kutafuta njia nyingine ya kujua kilichotokea mwaka 1978. Watafiti wenyewe, tena, hawakuficha udhaifu wake. Waliwarudia baadhi ya wakulima baada ya mwaka mmoja na kuwauliza maswali yaleyale. Kwenye swali la kama mtu amewahi kutumia dawa fulani au la, majibu yalilingana kwa asilimia 70 hadi zaidi ya 90, kutegemea dawa. Kwenye miaka na siku za matumizi, ulinganifu ulishuka. Walipolinganisha alama za kanuni yao na mabaki ya dawa kwenye mkojo wa wakulima waliofuatiliwa siku za upuliziaji, uhusiano ulikuwepo, ila ulikuwa wa wastani. Na hao ni wakulima wenye leseni, wanaosoma lebo kwa lugha yao na wanaonunua dawa kwenye vyombo vyake halisi.

Kulingana kwa asilimia 70 huonekana kama jambo zuri mpaka mtu aketi na kalamu. Tuchukue mfano wa hesabu tupu. Kuna wapuliziaji 10,000, nusu yao wametumia dawa fulani na nusu hawakuitumia. Tuseme dawa hiyo kwa kweli huongeza ugonjwa maradufu: katika waliotumia wanaugua 100, katika wasiotumia 50. Sasa tuseme kipimo chetu kinawaweka watu 30 katika kila 100 upande usio wao, bila upendeleo wowote, wagonjwa na wazima sawasawa. Kundi tunaloliita la waliotumia litakuwa na watu 3,500 waliotumia kweli na 1,500 wasiotumia, kwa hiyo wagonjwa wake watakuwa 70 na 15, jumla 85. Kundi la pili litakuwa na wagonjwa 35 na 30, jumla 65. Hatari iliyokuwa mara 2 sasa inasomeka mara 1.3. Jambo zito zaidi limo katika masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani upana ambamo hatari halisi inakadiriwa kuwemo, na ambao ukigusa 1 hatuwezi kusema kwa uhakika kwamba kuna tofauti: kabla ya makosa yalikuwa takriban 1.4 hadi 2.8, yote juu ya 1, na baada ya makosa yamekuwa takriban 0.95 hadi 1.8. Mhariri wa jarida ataandika kwamba hakuna uhusiano wenye uzito wa kitakwimu uliopatikana, na gazeti litaandika kwamba dawa ni salama. Watu ni walewale, sumu ni ileile, wagonjwa ni walewale 150. Kilichobadilika ni rula.

Ndiyo maana huwa ninasita ninaposikia utafiti usiopata kitu ukitumiwa kama hati ya usafi. Machi 2015, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka glaifoseti, kiuagugu, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, pamoja na viuadudu vya malathioni na diazinoni. Miaka mitatu baadaye, Agricultural Health Study ilichapisha matokeo ya wapuliziaji wake na haikuona uhusiano wa glaifoseti na saratani za limfu kwa ujumla wake. Pande mbili zimekuwa zikirushiana karatasi hizo tangu hapo, kila upande ukitaka karatasi yake iwe neno la mwisho. Msomaji mwadilifu anapaswa kuuliza jambo jingine: katika mkoa wa kilimo ambako wakulima walio wengi wametumia dawa hiyo, na ambako tofauti kati yao ni ya siku na uzito wa siku, kipimo kilichotumika kingeweza kuona hatari ya ukubwa gani kama ingekuwepo? Swali hilo halimpi mtu ruhusa ya kudai kwamba hatari ipo. Makosa ya kipimo yanaweza kupunguza, na pale ambapo mgonjwa anakumbuka kuliko mzima kwa sababu ugonjwa umemfanya afikirie sana yaliyopita, yanaweza pia kukuza. Anayeijua rula yake huona haya kutamka zaidi ya kile rula inachoweza kupima, na haya hiyo inahitajika kwa wauza dawa na kwa wapinga dawa vilevile.

Wengi hudhani kwamba maabara itaumaliza ubishi. Mpime mtu damu, mpime mkojo, acha mwili useme. Kwa sumu chache jibu hilo linafaa kabisa. Klodekoni, kiuadudu kilichotumika katika mashamba ya ndizi ya Guadeloupe na Martinique, visiwa vya Ufaransa katika Karibi, hadi ilipopigwa marufuku mwaka 1993, hukaa kwenye udongo kwa vizazi na kwenye damu kwa miezi, na kwa kuwa watu wanaendelea kuila kupitia vyakula vinavyoota humo, kiasi kilicho kwenye damu leo kinaeleza kitu cha maana kuhusu miaka iliyopita. Watafiti waliweza kukihusisha na saratani ya tezi dume bila kumwomba mtu akumbuke chochote. DDT nayo huacha alama ya miaka mingi. Lakini dawa nyingi zinazotumika sasa zilichaguliwa kwa sababu haziachi alama ya muda mrefu. Klopirifosi, mojawapo ya oganofosfeti, huvunjwavunjwa na mwili, na mabaki yake hutoka na mkojo ndani ya siku chache. Mankozebu, kiuakuvu kinachonyunyizwa kwenye nyanya na viazi kote Afrika Mashariki, nayo huonekana kwenye mkojo kupitia zao lake la kemikali kwa muda mfupi tu. Mkojo wa Jumanne unaeleza ya Jumatatu. Mtu aliyepulizia kwa miaka 25 na kuacha mwaka jana ana mkojo msafi kuliko kijana aliyeanza kazi wiki iliyopita, na utafiti wa ugonjwa sugu unaotegemea chupa moja ya mkojo unaweza kuwapanga watu kinyumenyume.

Kipimo kinachojulikana zaidi katika mashamba yetu ni cha kolinesterasi, kimeng'enya cha damu ambacho oganofosfeti na kabameti, kundi jingine la viuadudu, hukizuia kufanya kazi. California imewataka waajiri wa wapuliziaji wa dawa hizo kuwapima tangu 1974, na msingi wa utaratibu huo ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe: kipimo cha kwanza huchukuliwa kabla ya msimu, kisha kikishuka chini ya asilimia 80 ya kile cha awali mazingira ya kazi huchunguzwa, na kikishuka zaidi mtu huondolewa kwenye dawa. Kumlinganisha na wastani wa watu wengine hakufai, kwa sababu watu hutofautiana sana kwa maumbile. Aliyezaliwa na kiwango cha juu anaweza kupoteza theluthi na bado akasomeka mzima. Shamba linalompima mfanyakazi mara moja kwa mwaka bila kipimo cha awali limetimiza karatasi tu.

Kanda yetu ilikuwa na kazi nzuri ya mapema katika jambo hili, na sioni kwa nini tunaisahau. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Kenya, Tanzania na Uganda walifanya kazi kwa pamoja katika mtandao wa utafiti wa viuatilifu. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2000, ambao Grace Ohayo-Mitoko alikuwa mwandishi wake wa kwanza, uliwapima wafanyakazi wa mashambani, wakiwemo wa Naivasha, katika kipindi cha dawa chache na tena katika kipindi cha dawa nyingi, na ukaona kolinesterasi yao ikishuka kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Utafiti wa Vera Ngowi na wenzake, akiwa katika taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya Arusha, uliwafuata wakulima wadogo wa kahawa wa Tanzania na kutoona tofauti kubwa ya kimeng'enya hicho kati ya msimu wa kupulizia na usio wa kupulizia. Hakuna haja ya kuamua nani alikosea. Mashamba yalikuwa tofauti, dawa tofauti, fedha za kununulia dawa tofauti. Na katika kahawa ya milimani sehemu kubwa ya kinachopuliziwa ni mrututu na viuakuvu vingine, ambavyo kolinesterasi haivioni hata kidogo. Kipimo kinachojua familia moja ya sumu hunyamaza mbele ya nyingine zote, na ukimya huo ni rahisi kuuchukulia kama habari njema.

Kuna njia ya tatu, ambayo haimuulizi mtu wala haimchomi sindano. Ni ya kumkadiria kwa kazi na mahali pake. Nchini Ufaransa, kundi la AGRICAN linalofuatilia watu wa sekta ya kilimo wapatao 180,000 linatumia jedwali linaloonyesha, kwa kila zao na kila mwaka, dawa zipi zilikuwa zikitumika. Mtu akisema alilima mizabibu kuanzia 1970 hadi 1990, jedwali linajaza yaliyobaki. California imekwenda mbali zaidi, kwa sababu tangu 1990 kila upuliziaji wa kibiashara mashambani lazima uripotiwe: dawa ipi, kiasi gani, tarehe ipi, katika kipande kipi cha ardhi cha maili moja ya mraba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walizichukua ripoti hizo, wakaziweka juu ya ramani za mazao, kisha wakatazama anwani za wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka, wa Bonde la Kati la jimbo hilo. Mwaka 2009 walichapisha kwamba kuishi ndani ya mita 500 za mashamba yaliyopuliziwa kwa pamoja parakwati, kiuagugu, na manebu, kiuakuvu, kuliongeza hatari ya ugonjwa huo kwa asilimia 75, na baadaye wakaongeza anwani za mahali pa kazi. Wagonjwa hawakutakiwa kukumbuka jina la dawa. Walitakiwa kukumbuka walikoishi na walikofanya kazi, jambo ambalo karibu kila mtu analikumbuka.

Jedwali lina kosa la aina yake, na linafaa kueleweka kabla ya kuliiga. Linawapa wote wa kundi moja alama ileile: mwenye glavu na asiye nazo, mwenye bomba zima na mwenye bomba linalovuja. Kosa la namna hii mara nyingi haliipindishi hatari kwa kiasi ambacho kosa la kukumbuka vibaya huipindisha, ila huifanya iwe na ukungu, na utafiti huhitaji watu wengi zaidi ili kuona kitu. Zaidi ya hayo linafuta kile hasa ambacho mfanyakazi na mwajiri wangeweza kukibadilisha. Utafiti wa ugonjwa wa Parkinson uliofanywa ndani ya Agricultural Health Study, ukiwa na wagonjwa 110 na watu wa kulinganisha 358, ulipata mwaka 2011 kwamba waliotumia parakwati au kiuadudu cha rotenoni walikuwa na uwezekano wa takriban mara 2.5 wa kuwa na ugonjwa huo. Uchambuzi wa baadaye wa kundi hilohilo uliuona uhusiano wa parakwati kwa wale ambao hawakuwa na desturi ya kuvaa glavu. Swali dogo la mikono lilibeba maana ambayo jedwali la zao na mwaka lisingeweza kuibeba.

Basi tuichukue hojaji ya Iowa tuipeleke Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru, kwa mkulima wa nyanya. Jina la dawa? Anaijua kwa jina la biashara, na kiambato kimoja kinauzwa kwa majina mengi. Pengine duka la pembejeo limempimia kwenye chupa ya soda kwa sababu hakuwa na fedha ya chupa nzima, na anaikumbuka kwa rangi na harufu. Siku ngapi kwa mwaka? Nyanya ya msimu wa mvua hupuliziwa mara nyingi kuliko ya kiangazi, na bei ikishuka anaacha. Dawa ipi siku hiyo? Utafiti wa Ngowi na wenzake wa mwaka 2007 juu ya wakulima wa mboga wa kaskazini mwa Tanzania ulionyesha kwamba takriban theluthi walichanganya dawa zaidi ya moja katika bomba moja, pasipo maelekezo ya lebo wala ya afisa ugani kuhusu mchanganyiko huo. Kipimo ni kizibo, na kizibo hutofautiana kwa chupa. Kisha uje uzito wa siku: kanuni ya Marekani ina alama za trekta na mitambo yake, lakini jambo linaloamua hapa ni bomba la mgongoni ambalo mpira wake umechakaa na dawa inatiririka hadi kiunoni, ni kutembea ukiuelekea upepo katikati ya mimea iliyokwisha kulowa, ni shati lililovaliwa siku tatu mfululizo. Sumu nyingi humwingia mpulizaji kupitia ngozi, kwa hiyo ni ngozi inayotakiwa kuulizwa.

Kazi ya kuyarekebisha maswali haya kwa mazingira yetu imeanza. Katika wilaya ya Wakiso, Uganda, mwaka 2017 mradi wa PESTROP uliwahoji wakulima wadogo wapatao 300, na miaka miwili baadaye watafiti wa mradi mwingine, IMPRESS, wakawarudia wengi wao kuwauliza tena yaleyale ili kuona kumbukumbu inashika nini na inaachia nini. Hiyo ndiyo aina ya utafiti ninayoitamani kwa wingi, ingawa haitoi vichwa vya habari: haiulizi bado kama dawa inaleta ugonjwa, inauliza kama tunajua tunachodhani tunakijua.

Na yupo mtu ambaye hata maswali yaliyorekebishwa humkosa, kwa sababu hajawahi kushika bomba. Katika vitalu nyumba vya maua wengi wa wanaovuna, wanaochambua na wanaofunga ni wanawake. Wao huingia baada ya kupulizia, baada ya saa ambazo lebo inasema zipite, au kabla ya hapo pale oda ya maua inapobana. Kutwa nzima mikono yao hugusa majani na mashina yaliyopuliziwa. Hojaji ikiuliza kama umewahi kupulizia dawa, watajibu kwa ukweli kabisa kwamba hapana, na watawekwa katika kundi la wasiofikiwa na sumu, yaani kundi la kulinganisha. Hesabu yetu ya hapo juu inaonyesha kinachotokea baada ya hapo. Mke anayefua nguo za mpulizaji katika beseni moja na nguo za watoto yuko katika hali hiyohiyo.

Upande wa ugonjwa nao una giza lake. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, eneo la kahawa, utafiti wa nyumba kwa nyumba uliochapishwa mwaka 2008 uliwatafuta wagonjwa wa Parkinson katika watu 161,071. Walipatikana 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kutambuliwa na daktari yeyote kabla ya siku hiyo. Sisemi kwamba dawa za kahawa ndizo zilizowapata; utafiti ule haukukusudia kujibu hilo. Ninachosema ni kwamba hata kama leo tungekuwa na wagonjwa wote mezani, tusingekuwa na chochote cha kuwalinganisha nacho isipokuwa kumbukumbu za wazee kuhusu dawa zilizogawiwa na vyama vya ushirika miaka ya 1970.

Ninarudi kwenye daftari la maharage, kwa sababu naamini ndilo kifaa bora cha utafiti tulicho nacho na hatukitumii. Lina karibu kila kitu ambacho mtafiti wa Iowa alilazimika kukiomba kwenye kumbukumbu ya mtu: kiambato, tarehe, kiasi, jina. Limeandikwa siku yenyewe, kabla mtu yeyote hajaugua, kwa hiyo ugonjwa hauwezi kulipotosha. Linahitaji safu chache zaidi: mtu alipulizia kwa muda wa saa ngapi, alichanganya mwenyewe au la, alivaa glavu zipi, bomba lilivuja au halikuvuja, na kina nani waliingia katika kitalu hicho saa 24 zilizofuata na kwa kazi gani. Linahitaji pia kudumu. Ugonjwa unaochukua miaka 30 haufuatiliki kwa kumbukumbu zinazotupwa mara ukaguzi unapopita. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na bodi inayosimamia viuatilifu Kenya zinaweza kudai nakala ya kumbukumbu hizo, kama California inavyodai, na kuziweka pamoja na namba ya hifadhi ya jamii ya mfanyakazi, kwa kuwa mfanyakazi huhama kutoka shamba hadi shamba na namba hiyo huhama naye.

Najua pingamizi zitakazokuja. Mwajiri ataogopa kwamba anajitengenezea ushahidi dhidi yake, na hofu hiyo ina msingi. Kenya na Tanzania zote zina sheria za usalama na afya kazini, na kumbukumbu nzuri humsaidia anayedai fidia. Lakini humsaidia pia mwajiri aliyenunua glavu na kubadilisha mabomba, kwa sababu bila kumbukumbu yeye na mzembe wanafanana. Wengine watasema daftari litajazwa uongo, kwa kalamu moja, Ijumaa jioni, usiku wa kuamkia ukaguzi. Litajazwa, baadhi ya mahali. Dawa ya hilo inajulikana na wanaohesabu stoo: lita zilizonunuliwa lazima zilingane na lita zilizopuliziwa, na mfanyakazi apewe nakala ya ukurasa wake, akae nayo nyumbani, ili karatasi mbili ziweze kulinganishwa.

Kwa mkulima mdogo asiye na mkaguzi wala mnunuzi wa Ulaya, daftari la upuliziaji ni ndoto kwa sasa, na sitaki kujifanya kwamba ni rahisi. Lakini duka la pembejeo lipo, lina leseni, na linauza. Likiandika kila siku kiambato na kiasi kilichouzwa, na takwimu hizo zikakusanywa kwa kata na kwa mwaka, tutakuwa na mwanzo wa jedwali kama la Wafaransa: nyanya za Ngarenanyuki, 2026, dawa hizi, kiasi hiki. Mtafiti ambaye leo yuko darasa la tano atalihitaji atakapokuwa na miaka 40, na wakati huo hakuna maabara yoyote duniani itakayoweza kumtengenezea.